Maswali ya Wasomaji: Majirani Wanapoamua Kupunguza Taka

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwenye vikundi vya majirani walioamua kushughulikia taka zao wenyewe. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Msomaji atatuona tukirudia jambo moja: taka mbichi zikitengwa na taka kavu tangu jikoni, kazi nyingine zote hulainika. Zikichanganyika, karatasi inaloa, plastiki inachafuka, na mnunuzi wa taka hazitaki tena.

SWALI: Mtaa wetu una nyumba 60. Tumekubaliana kuanza, na tuko mbioni kununua mapipa ya rangi tano. Tununue ya ukubwa gani?

JIBU: Msinunue bado. Ukubwa wa pipa hutegemea uzito na ujazo wa taka, na hivyo viwili hamjavipima.

Chagueni nyumba 12 hadi 15 kwa kura, siyo zile za wanachama wenye ari, maana hao wameshaanza kubadilika. Kila nyumba ipewe mfuko wenye namba, iendelee kutupa kama kawaida, na mifuko ikusanywe kila siku kwa siku 7 mfululizo. Wiki nzima ni lazima, kwa sababu taka za siku za mapumziko hazifanani na za siku za kazi. Tandikeni turubai la mita 3 kwa 4 penye kivuli. Mwageni mfuko mmoja mmoja, mchambue kwa koleo ndogo, kila aina kwenye ndoo yake: taka mbichi, karatasi kavu, plastiki ngumu, mifuko ya plastiki, vyuma, glasi, nguo, nepi na taulo za kike, taka hatari, na mabaki. Usiingize mkono ndani ya mfuko hata ukiwa na glavu nene; mwaga kwanza, uone kilichomo. Sindano na wembe viwekewe chupa ngumu yenye kifuniko.

Pimeni kwa mizani inayosoma gramu 100 au chini ya hapo, na uzito wa ndoo tupu uandikwe ubavuni mwa ndoo. Wengi husahau kuutoa, kisha hesabu yote inapinda. Andikeni na ujazo pia: mifuko ya plastiki haina uzito wa maana lakini inakula nafasi kubwa.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa mabaki ya chakula na majani ni asilimia 44 ya taka za miji na makazi duniani, na katika nchi zenye kipato kidogo yanapita nusu. Kwa hiyo yaelekea vipimo vyenu navyo vitaonyesha kuwa taka mbichi ndizo zinaongoza. Hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa tuingie kwenye hesabu inayovikwamisha vikundi vingi. Tuseme kila nyumba inatoa kilo 1.5 za taka mbichi kwa siku. Nyumba 60 zitatoa kilo 90. Kwa wastani wa nusu kilo kwa lita moja, hizo ni lita 180. Lundo la mboji, yaani la kuozesha taka mbichi ziwe mbolea, linahitaji angalau mara mbili ya ujazo huo kwa majani makavu, yaani lita 360. Jumla ni lita 540 kila siku. Chumba cha mboji cha mita 1.2 kila upande kinabeba takriban lita 1,700, kwa hiyo kitajaa ndani ya siku tatu! Kwa nyumba 15 tu, chumba hichohicho huchukua siku 12 au 13 kujaa, na kwa kuwa lundo hushuka linapooza, huweza kufika hata wiki tatu.

Ushauri wetu: anzeni na nyumba 15 na vyumba vitatu. Kimoja kinajazwa, cha pili kinachemka, cha tatu kinakomaza. Ongezeni nyumba baada ya mboji ya kwanza kuiva. Na kabla ya hata ndoo moja ya jikoni kukusanywa, jazeni ghala la majani makavu. Hakuna siku itakayokosa taka mbichi. Kitakachowapungukia ni majani makavu.

Mapipa matano ya rangi hamyahitaji. Kila nyumba iwe na vyombo viwili: ndoo yenye kifuniko ya lita 8 hadi 10 kwa taka mbichi, na mfuko mkubwa kwa taka kavu. Uchambuzi wa taka kavu ufanyike mahali pamoja, na watu waliofundishwa.

SWALI: Lundo letu la mboji linanuka, lina funza, na majirani wameanza kulalamika. Tunaweka maganda ya mboga na matunda pamoja na nyasi za kukata, na tumelifunika kwa nailoni mvua isiingie. Kipimajoto kinasoma nyuzi 35 tu. Tumekosea wapi?

JIBU: Anzeni na pua. Harufu ya yai bovu maana yake lundo halina hewa. Harufu kali ya amonia, ile inayochoma macho, maana yake nitrojeni imezidi. Kwa mlivyoeleza, yaelekea mnazo zote mbili. Maganda na nyasi mbichi zote ni taka zenye nitrojeni nyingi; nyasi za kukata zikiwekwa kwa tabaka nene hulala na kushikana, na nailoni iliyobana mpaka chini ikaziba hewa iliyobaki.

Vijidudu vinavyoozesha lundo hufanya kazi vizuri kaboni ikiwa takriban mara 30 ya nitrojeni. Maganda ya jikoni na nyasi mbichi yako kwenye 15 hadi 20. Majani makavu yanafika 50 au 60. Maranda na unga wa mbao huvuka mia kadhaa, ndiyo maana lundo la maranda matupu hukaa miezi bila kupata joto: kaboni ipo tele, nitrojeni hakuna. Katika utendaji hamhitaji maabara. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi, wekeni ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu, na vikavu hivyo viwe mchanganyiko: majani, mabua yaliyokatwakatwa, katoni iliyochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja, na maranda kidogo.

Kulitengeneza lundo lenu fanyeni hivi. Libomoeni lote. Chini pangeni vijiti na matawi membamba kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, hewa ipite. Rudisheni taka mkizichanganya na vikavu, siyo tabaka juu ya tabaka bali kuchanganya kabisa kwa uma. Kamateni konzi ya mchanganyiko mkaminye kwa nguvu: likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, ongezeni vikavu. Lisipotoka tone na mkono ukabaki mkavu, nyunyizeni maji. Kimo kisipungue mita 1, maana lundo dogo hupoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha. Wala kisizidi mita 1.5, maana uzito wake utabana hewa ya chini. Juu kabisa wekeni sentimita 10 za majani makavu. Kama mvua ni tatizo, jengeni paa lililoinuka badala ya nailoni inayolala juu ya taka.

Ndani ya siku mbili hadi nne kipimajoto chenye shina la nusu mita kitasoma nyuzi 55 hadi 65 za Sentigredi katikati ya lundo. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Kipimo kinachotumiwa na wakala wa mazingira wa Marekani kwa malundo ya wazi ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo lundo ligeuzwe mara tano. Kugeuza kuna shabaha: kilichokuwa nje kiingie ndani. Funza wa inzi hukaa kwenye gamba la nje lenye joto dogo, wakiingizwa katikati hufa. Kipimajoto kikipanda hadi 70, geuzeni siku hiyohiyo, maana joto hilo linaua hata vijidudu mnavyovihitaji.

Baada ya hapo joto hushuka lenyewe na mboji inahitaji wiki 8 hadi 12 za kukomaa. Msikimbilie kuimwaga bustanini. Mboji changa huendelea kuoza ikiwa ardhini, huinyang'anya mimea nitrojeni, na asidi zake huunguza mizizi michanga. Jaribio lake ni rahisi. Tieni konzi mbili zenye unyevu kwenye mfuko, fungeni barabara, acheni siku tatu. Mfuko ukifunguliwa ukatoa harufu ya udongo, imeiva. Ukitoa uchachu, bado. Chekecheni kwa waya wenye matundu ya milimita 10 hadi 12, na makapi yanayobaki juu yarudi kwenye lundo jipya. Yamejaa vijidudu hai.

Nyama, mifupa, maziwa na mafuta visiingie. Joto kali linaweza kuviozesha, lakini panya hufika kabla ya joto.

SWALI: Tuliweka kwenye mboji mifuko iliyoandikwa kuwa inaoza. Miezi minne sasa, mifuko ipo vilevile. Tumetapeliwa?

JIBU: Inategemea aina. Mifuko iliyothibitishwa kwa kiwango cha Ulaya EN 13432 hupimwa katika mazingira ya kiwanda cha mboji, penye joto la karibu nyuzi 58 linaloshikiliwa kwa wiki nyingi. Lundo la mtaa hufika joto hilo kwa siku chache, tena katikati tu. Aina nyingine ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya imeguke kwa jua na hewa. Hiyo haiozi; inakuwa vipande visivyoonekana kwa macho, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa zake tangu mwaka 2021. Toeni mifuko yote kwa mkono kabla ya kuchekecha, na msipokee mingine. Ndoo ya jikoni itandikwe gazeti chini, au ioshwe kila inapomwagwa.

SWALI: Tulikusanya plastiki miezi miwili, mnunuzi akaukataa mzigo wote. Anasema ni chafu na imechanganyika. Tunaona plastiki ni plastiki.

JIBU: Mnunuzi hakuwaonea. Tazameni namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale chini ya chombo. Namba 1 ni PET, chupa angavu za maji na soda. Namba 2 ni HDPE, madumu na chupa za sabuni. Namba 5 ni PP, vifuniko na makopo magumu. Hizi tatu ndizo zenye soko mahali pengi. Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba, na ndiyo inayoharibu mzigo: kwenye joto la kuyeyushia PET, PVC huungua na kutoa asidi ya haidrokloriki. Kiasi kidogo tu chaweza kugeuza rangi ya PET nyingi na kula mashine. Wala PVC siyo mabomba tu. Baadhi ya lebo zinazovalishwa chupa nzima nazo ni PVC. Zichaneni mzitoe.

Kipande kisicho na namba kipimeni kwa maji. Kateni kipande cha ukubwa wa ukucha, tieni tone la sabuni kwenye glasi ya maji ili viputo visikishikilie juu, kisha kizamisheni kwa kidole na mkiachie. HDPE, PP na plastiki ya mifuko huelea. PET, PVC na polistairini (namba 6) huzama. Kipande cha povu la polistairini kisiwadanganye, kinaelea kwa sababu ya hewa iliyomo. Kupima kwa kuchoma, kama wanavyofanya baadhi ya watu, tunakukataza kabisa: moshi wa PVC una asidi, na unaweza kuwa na dayoksini, kemikali zenye sumu kali.

Kuhusu uchafu, hakuna haja ya kutumia maji safi. Maji ya mwisho ya kuoshea vyombo yanatosha kusuuza chupa. Zigeuzeni zikauke siku nzima. Unyevu ukifungiwa ndani ya mzigo huleta ukungu na harufu, na mnunuzi hukata uzito. Zibaneni pia: mita moja ya ujazo ya chupa zisizobanwa haifiki hata kilo 40, kwa hiyo gari linakuwa linasafirisha hewa. Toa kifuniko, kanyaga chupa, rudisha kifuniko isijitanue. Lakini mwulizeni mnunuzi kwanza kama anavipokea vifuniko. Vingi huelea na kutengana na PET kiwandani, ila wapo wanaotaka vije peke yake.

Kabla ya kukusanya aina yoyote ile, mnunuzi wake apatikane. Kikundi kinachokusanya kwanza na kutafuta soko baadaye kinajijengea jalala.

SWALI: Kina mama wa kikundi chetu wanatengeneza sabuni kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia, badala ya kuyamwaga kwenye mifereji. Sabuni nyingine zinawasha mikono, nyingine zinaachia mafuta juu. Tunapima kwa vikombe.

JIBU: Kikombe ndicho chanzo. Kostiki soda hupimwa kwa uzito, tena kwa mizani inayosoma gramu moja. Chembechembe na vipande bapa vya kostiki havijazi kikombe sawasawa, na kosa la gramu 15 kwa kilo ya mafuta latosha kuifanya sabuni iunguze.

Kilo moja ya mafuta ya alizeti au soya inahitaji takriban gramu 135 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Mawese yanahitaji karibu gramu 142, nazi karibu 183. Hamtumii kiasi kamili. Punguzeni asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa, kuliko kostiki ibaki. Mafuta yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba hayajulikani asili yake, kwa hiyo hesabuni kwa kiwango cha chini: gramu 128 za kostiki na gramu 330 za maji kwa kilo moja ya mafuta. Ikiwa mna mawese mengi ndani yake, sabuni itakuwa laini kidogo. Hilo halimdhuru mtu, kostiki iliyozidi inamdhuru.

Yasafisheni mafuta kwanza. Yapasheni moto pamoja na maji kiasi hichohicho, koroga, acha usiku kucha. Chumvi na makapi vitashuka na maji. Engueni mafuta ya juu na myachuje kwa kitambaa kizito. Maji yaliyosalia ndani ya mafuta huharibu kipimo, kwa hiyo yapasheni tena taratibu hadi yaache kutoa viputo, kisha yapoe.

Kostiki hutiwa ndani ya maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, yataruka. Fanyeni nje, na miwani ya kinga, glavu ndefu na viatu vilivyofunika. Mchanganyiko hupanda hadi nyuzi 80 na zaidi. Chombo kiwe cha plastiki nene namba 2 au 5, au cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini hapana: kostiki huila na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Kostiki ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Siki isipakwe juu ya ngozi.

Maji ya kostiki na mafuta vyote vikishuka hadi nyuzi 40 au 45, mimina maji hayo ndani ya mafuta polepole huku ukikoroga. Kuachia mafuta juu kunatokana na kuacha kukoroga mapema. Endeleeni hadi uji ukichotwa kwa mwiko na kudondoshwa, mstari wake ubaki juu kwa sekunde kadhaa. Kwa mkono inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mimineni kwenye fremu, funikeni, kateni baada ya saa 24 hadi 48, kisha pangeni vipande vikiwa na nafasi kati yake kwa wiki 4 hadi 6. Karatasi ya kupimia asidi ikilowekwa kwenye povu isome 9 hadi 10. Ikipita 11, hiyo ni ya sakafu tu na ishikwe kwa glavu. Kipande chenye matone ya maji yanayoteleza ndani yake kina kostiki huru. Kisigawiwe kwa mtu.

Kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na kupoteza nguvu, nayo pia huleta sabuni isiyoshikana. Funga mkebe mara tu baada ya kupima. Sabuni hii ni ya nguo na vyombo, siyo ya uso.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wamekusanya boksi zima la betri: za tochi, za saa, za simu, na mbili zimevimba. Nizihifadhi vipi?

JIBU: Mwalimu, zitenganishe leo. Betri za simu na kompyuta ni za lithiamu. Ncha zake zikigusana na chuma, hupata joto hadi kuwaka. Bandika utepe wenye gundi, wa karatasi au wa umeme, kwenye ncha za kila betri ya lithiamu, na kila betri ya saa, ile bapa kama kitufe, ibandikwe pande zote mbili. Zilizovimba usizitoboe wala kuzibonyeza. Ziweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje ya jengo, mbali na chochote kinachoshika moto, kifuniko kisibane. Watoto wasishike betri za saa kabisa. Ikimezwa na kukwama kooni, yaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, na mtoto apelekwe hospitali mara moja. Mkusanyo wa shule uishie kwenye betri za tochi, na upelekwe kwa mpokeaji halali kila mwezi badala ya kurundikwa hadi mwisho wa mwaka.

SWALI: Tulianza kwa kishindo. Baada ya miezi mitatu, nusu ya nyumba zimerudi kuchanganya taka. Wengine wanataka tutoze faini.

JIBU: Kabla ya faini, kagueni daftari la mkusanyaji. Mara nyingi chanzo ni siku ambayo ndoo haikuchukuliwa. Taka mbichi zikilala siku nne jikoni, mwenye nyumba atazimwaga popote, na hatarudi kuwaamini kwa urahisi. Chukueni taka mbichi angalau mara tatu kwa wiki, siku na saa zilezile, na awepo mtu wa akiba kwa siku mkusanyaji anapougua.

Sababu ya pili ni watu kuona taka walizotenga zikimwagwa kwenye mkokoteni mmoja. Hata kama ndani mna magunia mawili, jirani anayetazama dirishani haoni. Tumieni vyombo vya rangi tofauti vinavyoonekana.

Kisha mrekebishane mlangoni, siyo mkutanoni. Mkusanyaji afungue kifuniko, achungulie. Akikuta nailoni ndani ya taka mbichi, aiache ndoo na kadi yenye alama ya kilichokosewa, tena mchoro badala ya maneno mengi. Nyumba iliyokosea mara tatu mfululizo itembelewe na jirani anayeheshimika. Hapo mara nyingi hugundulika jambo dogo lenye dawa: mpangaji mpya hakuelezwa, msaidizi wa kazi amebadilika, au bibi wa nyumba hawezi kuinama kufungua ndoo.

Faini tunaiona kuwa ya mwisho kabisa. Huwafundisha watu kutupa usiku.

SWALI: Bilauri za glasi zilizovunjika na vyombo vya glasi vya kuokea, tuvichanganye na chupa?

JIBU: Hapana. Glasi ya kuokea hutengenezwa iyahimili makali ya joto, kwa hiyo kwenye tanuri la chupa haiyeyuki sawasawa na hubaki kama kokoto ndani ya chupa mpya, ambayo itapasuka hapo. Bilauri nyingi na vioo vya madirisha navyo vina mchanganyiko tofauti. Vifungeni kwenye gazeti nene, mviringishe mara tatu, muandike juu kwa wino mkubwa ili mkusanyaji asikatwe, na muviweke pamoja na mabaki.